Mnyororo na upanga wake: kutunza msumeno unaojenga makanisa yetu ya Mitwaba



Katika teritwari ya Mitwaba, kanisa linapohitaji paa, shule inapohitaji madawati, au kituo cha afya kinapohitaji milango, mbao hazitoki kiwandani. Zinatoka porini, na mara nyingi zinapasuliwa palepale mti ulipoanguka, kwa msumeno wa mnyororo, ule ambao huku kwetu tunauita tronsoneze. Kijana mmoja anashika mashini, mwingine anashikilia ubao, wengine wanabeba kichwani hadi barabarani. Watu waliokimbia mapigano ya Mai-Mai na jeshi, hasa katika miaka ya 2005 na 2006, waliporudi walikuta nyumba zimeharibika. Mashini za namna hii zimesaidia wengi kuezeka tena.

Lakini vipuri viko mbali. Duka la mnyororo liko Likasi au Lubumbashi, na wakati wa mvua barabara hiyo inajulikana kwetu sote. Parokia inakusanya sadaka, inamtuma mtu, naye anaambiwa tu: "Leta mnyororo wa mashini kubwa." Anarudi nao baada ya siku nyingi, na mnyororo haukubali. Hapo ndipo hatari inapoanza, kwa sababu pesa imekwisha na kazi inasubiri, basi watu wanaulazimisha.

Torati inatukumbusha jambo hili. Katika Kumbukumbu la Torati 19:5 tunasoma habari za mtu aliyekwenda msituni na jirani yake kukata miti, chuma cha shoka kikachomoka katika mpini na kumuua jirani. Hakuwa na chuki naye. Chombo tu hakikushikana vizuri. Mnyororo usiopatana na upanga wake ni shoka la namna hiyo, tena lenye mwendo mkali kuliko mkono wa mtu yeyote. Kwa hiyo tunaeleza hapa, hatua kwa hatua, namna ya kuchagua na kutunza.

Mambo matatu yanayopaswa kupatana

Upanga, tunamaanisha kile chuma kirefu ambacho mnyororo unakizunguka. Pembeni mwake una mfereji mwembamba. Mnyororo una meno ya juu yanayokata, na chini una vijino vinavyoingia katika mfereji huo na kuvutwa na gia ya mashini. Ili vyote viende pamoja, angalia mambo matatu.

La kwanza ni hatua ya mnyororo, yaani umbali kati ya kiungo na kiungo. Chukua rula, pima kutoka katikati ya riveti moja hadi katikati ya riveti ya tatu, kisha gawanya kwa mbili. Ukipata milimita 19 kwa riveti tatu, hatua ni 3/8 ya inchi. Ukipata karibu milimita 16.5, ni .325. Ukipata karibu milimita 20.5, ni .404, ambayo ni ya mashini kubwa sana. Kuna pia 3/8 ya mashini ndogo, yenye meno mafupi. Hatua yake inakaribiana na ile 3/8 ya kawaida, lakini hizo mbili hazibadilishani. Gia ya mashini, na gia ndogo iliyo katika ncha ya upanga kama ipo, lazima ziwe na hatua hiyohiyo. Hatua ikitofautiana, vijino vinapanda juu ya meno ya gia badala ya kukaa kati yake, na mnyororo unaruka au unakatika.

La pili ni unene wa vijino vya chini. Vipimo vya kawaida ni milimita 1.1, 1.3, 1.5 na 1.6. Hapa watu wengi wanadanganyika. Mnyororo wa 1.6 hauingii katika mfereji wa 1.5, kwa hiyo kosa linaonekana mara moja. Lakini mnyororo wa 1.5 unaingia katika mfereji wa 1.6 bila shida, na mtu anafurahi. Kumbe una nafasi ya kulala upande. Ubao unapindika, kingo za upanga zinalika, na baada ya muda mfupi umeharibu upanga na mnyororo pamoja. Jambo hili linatuhusu sana, kwa maana mashini kubwa za Stihl zenye hatua ya 3/8 mara nyingi hutumia 1.6, na zile za Husqvarna mara nyingi hutumia 1.5. Mtu akiazima mnyororo kwa jirani mwenye mashini ya aina nyingine, hatua inaweza kupatana na unene ukakataa.

La tatu ni hesabu ya vijino vya chini. Usinunue mnyororo kwa sentimita peke yake. Upanga wa sentimita 63 wenye hatua ya 3/8 mara nyingi huhitaji vijino 84, lakini upanga wa urefu huohuo wa kampuni nyingine unaweza kutaka idadi nyingine. Tandaza mnyororo wa zamani mezani, weka alama ya chaki kwenye kijino cha kwanza, uhesabu vyote. Hesabu mara mbili.

Kuhusu upanga wenyewe kuna neno moja zaidi: mkia wake, pale unapofungwa kwenye mashini, haufanani katika kampuni zote. Tundu la mafuta na nafasi ya boliti lazima vilingane na mashini yako.

Kusoma alama zilizochongwa

Habari hizi mara nyingi ziko tayari mbele ya macho. Sugua mkia wa upanga kwa kitambaa chenye esanse kidogo. Kwa kawaida utaona pameandikwa urefu, hatua, unene, na pengine hesabu ya vijino. Kwenye mnyororo wa Oregon, namba iko juu ya kijino cha chini: 72 ni hatua ya 3/8 na unene wa 1.3, 73 ni 3/8 na 1.5, 75 ni 3/8 na 1.6. Kwenye mnyororo wa Stihl, namba moja iliyo kwenye kijino cha chini inaonyesha unene (3 ni 1.3, 5 ni 1.5, 6 ni 1.6), na namba iliyo kwenye jino la kukata inaonyesha hatua: 2 ni .325, 3 ni 3/8, 4 ni .404.

Kama alama zimefutika, mpe msafiri mnyororo wa zamani auchukue katika mfuko. Hiyo ni barua ambayo muuzaji yeyote anaisoma.

Kunoa

Mwaka 1946 huko Marekani, mkata miti mmoja aitwaye Joseph Cox alimtazama funza wa mende akila mti. Aliona funza huyo anakata kushoto na kulia kwa taya zake, akipita ndani ya mbao bila shida. Kutokana na hayo alitengeneza mnyororo wenye meno yanayopishana, moja la kushoto na moja la kulia, na ndiyo asili ya minyororo tunayotumia hadi leo. Ukielewa hivyo, utaelewa kunoa pia: pande mbili lazima ziwe sawa. Meno ya kushoto yakiwa marefu kuliko ya kulia, msumeno utapinda kuelekea upande mmoja, hata mwenye mkono hodari hawezi kuunyoosha.

Tumia tupa ya duara inayofaa: milimita 4.8 kwa .325, milimita 5.2 au 5.5 kwa 3/8 kubwa, kadiri mtengenezaji anavyoandika, milimita 5.5 kwa .404, na milimita 4 kwa 3/8 ndogo. Sukuma tupa kutoka ndani ya jino kwenda nje, usiikokote kurudi nyuma. Kwa kukata mti kwa kukingama, shika pembe ya digrii 30 hivi. Kwa kupasua mbao kwa urefu, kazi ambayo vijana wetu wanaifanya zaidi, mnyororo wa kupasulia hunolewa kwa digrii 10 hivi. Unakwenda polepole lakini ubao unatoka laini. Kila jino lipate idadi sawa ya misukumo.

Mbele ya kila jino kuna kidole kifupi kinachopima jino liingie kiasi gani ndani ya mti. Kwa minyororo mingi kidole hicho huwa chini ya jino kwa milimita 0.65 hivi. Kisipopunguzwa kabisa, jino linaloliwa na tupa halishiki mti. Kikipunguzwa mno, msumeno unauma kwa nguvu na kuruka. Jino la kukata likibaki na urefu wa milimita 4, mnyororo huo umemaliza kazi yake.

Utajuaje kwamba umekuwa butu? Unapokata gogo kwa kukingama, mnyororo mkali unatoa vipande vidogo. Uliochoka unatoa unga. Mhubiri 10:10 inasema wazi kwamba chombo butu kinamdai mtu nguvu zaidi. Katika miti migumu ya miombo, hasa ile iliyopitiwa na moto wa porini na kushika mchanga katika ganda, noa mara nyingi, na uondoe ganda chafu kwa panga kabla ya kukata.

Upanga, mafuta na kukaza

Kila jioni toa upanga, safisha mfereji wake kwa kipande chembamba cha chuma, na uzibue tundu la mafuta. Geuza upanga juu chini kila unapobadilisha mnyororo, ili kingo zilike sawasawa. Vinundu vya chuma vinavyotokea pembeni viondolewe kwa tupa bapa. Gia ya mashini nayo ibadilishwe baada ya minyororo miwili hivi, kwa sababu gia iliyolika inaharibu mnyororo mpya.

Kaza mnyororo ukiwa umepoa. Uguse upanga upande wa chini, lakini mkono wenye glovu uweze kuuzungusha baada ya kufungua breki. Ukiukaza ukiwa moto, ulegeze baada ya kazi, kwa maana ukipoa unajikunja na unaweza kuumiza mashini.

Mafuta machafu ya motere yaliyotumika yasitiwe katika tangi la mnyororo. Yamebeba chembe za chuma zinazokula pampu, na yanadhuru ngozi. Mawese nayo yanaganda asubuhi za baridi za mwezi wa sita na wa saba, na mnyororo unabaki mkavu. Katika esanse, fuata maandishi ya chupa ya mafuta: mchanganyiko wa 1 kwa 50 ni mililita 100 kwa lita 5; wa 1 kwa 25 ni mililita 200 kwa lita 5. Baada ya kujaza, sogea mita 3 kabla ya kuwasha. Wakati wa kiangazi cheche moja inatosha kuunguza pori zima.

Mwili wa ndugu, na mti wenyewe

Usikate kwa ncha ya juu ya upanga. Hapo ndipo mashini inapoirukia sura ya mwenye kuishika. Usiondoe breki ya mnyororo wala kile kipande kidogo kinachoudaka ukikatika. Msaidizi asisimame katika mstari wa mnyororo, wala mbele wala nyuma. Miwani, buti ngumu na kinga ya masikio viingizwe katika bajeti ya ujenzi kama vile misumari.

Na mti pia una mwenyewe. Sheria ya misitu namba 011/2002 ya tarehe 29 Agosti 2002 inadai ruhusa kwa anayekata mbao za kuuza, na ndani ya hifadhi ya Upemba ukataji umekatazwa. Kanisa lisiwe la kwanza kuvunja.

Kwa hiyo tunawaomba wazee wa parokia: chukueni karatasi, andikeni aina ya mashini, urefu wa upanga, hatua, unene, hesabu ya vijino na kipimo cha tupa. Nakala moja ikae katika sanduku la mashini, nyingine kwa mhasibu wa kanisa. Siku mtu atakapoteremka Lubumbashi, apewe karatasi hiyo pamoja na pesa. Sadaka ya mjane haitapotea, na kijana aliyekwenda porini asubuhi atarudi jioni na vidole vyake vyote.

Bwana awabariki na kuilinda kazi ya mikono yenu.