Kusafiri kwa Garimoshi Pamoja na Jamaa: Mchana au Usiku?

Likizo inapokaribia, askari wengi wa Mashariki ya Uganda, wa jeshi na wa polisi, huanza kufikiri jinsi ya kuwapeleka wake na watoto wao kuwaamkia ndugu walio mbali. Wapo wenye kaka Nairobi, wapo wenye dada walioolewa Mombasa, na wapo watoto ambao hawajapata kuiona bahari wala kupanda garimoshi. Safari ya namna hiyo ni jambo jema, lakini ina maadui wawili, nao ni haraka na kutopanga. Mtu mmoja akikosa gari aweza kulala popote. Baba mwenye mke na watoto wanne akikosa gari, jamaa nzima imekwama, na siku za likizo hazimngoji.

Njia ya zamani na njia ya sasa

Reli ya kutoka Tororo kupitia Mbale hadi Soroti ilifunguliwa mwaka 1929, nayo hupita upande wa Busiu. Siku zile abiria alikwenda Tororo, akaungana na garimoshi litokalo Kampala, akavuka mpaka Malaba, akapanda milima ya Eldoret na Timboroa, iliyo zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, kisha akashuka Nakuru na kufika Nairobi. Huko alipanda gari la usiku, akalala kitandani ndani ya behewa, na asubuhi akaamkia minazi ya pwani. Shirika la reli la Afrika Mashariki lilivunjika mwaka 1977, na kila nchi ikawa na shirika lake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 magari ya abiria yalikoma nchini Uganda. Mwezi wa Desemba 2015 yalirudi, lakini kwa safari fupi tu za Kampala na Namanve.

Kwa hiyo mtu wa Busiu, Mbale au Jinja atakaye kuwapandisha watoto wake garimoshi la masafa marefu hana budi kwenda kwa basi hadi Nairobi, kisha ashike reli mpya ya Mombasa, iliyofunguliwa mwaka 2017. Reli hiyo ina urefu wa kilometa 470 na ushei, na gari la moja kwa moja huchukua muda wa saa tano hivi. Iko pia reli ya kale ya Nairobi na Kisumu, ambayo abiria walirudishiwa Desemba 2021, lakini gari lake si la kila siku, na safari yake ni ya usiku kucha.

Hesabu ianzie mwisho

Watu wengi huhesabu likizo kutoka siku ya kuondoka. Askari yafaa ahesabu kutoka siku ya kuripoti, akirudi nyuma. Kuchelewa kwa mtu mwingine ni aibu. Kuchelewa kwa askari ni kosa la kinidhamu, na mkuu wake hataridhika kuambiwa ya kwamba basi liliharibika njiani.

Tuseme likizo ni ya siku 14. Siku ya kwanza ni ya basi, kutoka Busiu alfajiri hadi Nairobi usiku. Siku ya pili ni ya garimoshi. Siku ya tatu hadi ya kumi ni za kukaa na ndugu Mombasa. Siku ya 11 ni ya kurudi Nairobi, na ya 12 ni ya basi hadi nyumbani. Siku ya 13 na ya 14 ziachwe tupu. Mvua ikikata barabara, au mtoto akishikwa na homa, siku hizo mbili ndizo zitakazomwokoa baba. Zisipohitajika, mama atafua nguo kwa utulivu na watoto watapumzika.

Mchana au usiku?

Hapa ndipo wengi hukosea. Husema, "Tusafiri usiku ili tuokoe gharama ya kulala." Neno hilo lilikuwa la kweli katika gari la zamani, ambalo lilikuwa nyumba na njia kwa pamoja, kwa kuwa liliondoka jioni likafika asubuhi. Huko Ulaya magari ya namna hiyo yangaliko. Shirika la reli la Austria huendesha magari ya usiku ambamo jamaa yaweza kukodi chumba kizima chenye vitanda, ikalala nchi moja na kuamka nchi nyingine.

Gari la usiku la Nairobi na Mombasa la sasa lina mwendo wa kasi na halina vitanda. Likiondoka saa nne usiku, hufika yapata saa tisa usiku, hali watoto wamelala kwa kukaa. Stesheni ya Mombasa iko Miritini, mbali na mjini, na hapo baba atatafuta gari gizani akiwa na mizigo mkononi na mtoto begani. Akiba aliyoifikiria itakuwa imekwenda kwa dereva, na usingizi umepotea bure.

Mwenye watoto wadogo yafaa achague gari la asubuhi. Gari hilo husimama katika vituo vya njiani kama Mtito Andei na Voi, nalo huchukua muda zaidi, lakini hufika Mombasa mchana. Pia watoto hupata somo ambalo halipatikani darasani. Reli hupita katika mbuga ya Tsavo, na mara kwa mara ndovu huonekana dirishani. Ratiba hubadilishwa, iulizwe upya kila safari.

Tikiti na hati

Mwezi wa Januari 2024 nauli ya daraja la chini, Nairobi hadi Mombasa, ilipandishwa kutoka shilingi 1,000 za Kenya hadi 1,500, na ya daraja la kwanza ikawa 4,500. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu, na aliye chini ya miaka 3 halipi. Basi, baba na mama wenye watoto wa miaka 13, 9, 5 na 2 watalipa nauli tatu kamili na nusu mbili, yaani shilingi 6,000 kwa kwenda, na 12,000 kwa kwenda na kurudi. Tikiti za kurudi zinunuliwe pamoja na za kwenda, hasa mwezi wa Desemba na wakati wa Pasaka, maana viti huisha mapema.

Tikiti huandikwa jina na nambari ya hati ya msafiri. Malipo hufanywa zaidi kwa simu za Kenya. Kwa hiyo ni vizuri ndugu aliyeko huko atumiwe majina yote kama yalivyoandikwa katika hati, pasipo kukosea hata herufi moja.

Kitambulisho cha taifa cha Uganda hukubaliwa kuingilia Kenya tangu mwaka 2014. Lakini watoto wengi hawana kitambulisho hicho, na hati zao lazima ziulizwe katika ofisi ya uhamiaji majuma kadhaa kabla ya safari. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kisisahauliwe. Mzazi anayesafiri peke yake na watoto achukue barua ya mwenzake. Askari naye awe na ruhusa yake kwa maandishi.

Mzigo wa mama

Mizigo hunusiwa na mbwa wa polisi na kupitishwa katika mashine, kwa hiyo jamaa ifike stesheni saa nzima kabla ya gari kuondoka. Stesheni ya Nairobi iko Syokimau, nje ya jiji. Kisu cha kumenyea matunda kiachwe nyumbani, na machungwa yamenywe kabisa kabla ya kuondoka. Mayai ya kuchemsha, mkate, ndizi mbivu na maji yanatosha. Maziwa huchacha upesi katika joto la pwani. Zawadi ya malewa makavu au kahawa ya Bugisu ni nyepesi na itampendeza mwenyeji kuliko mkungu wa matoke utakaomwumiza mtu mabega.

Blanketi moja liwekwe juu ya mfuko, kwa kuwa Timboroa ina baridi kali hata ndani ya basi. Kila mtoto awe na karatasi mfukoni yenye jina lake na nambari ya simu ya baba, na kila mtoto mkubwa apewe mdogo wa kumshika mkono.

Haba na haba hujaza kibaba. Jamaa iwekayo fedha kidogo kila mwezi, na ipangayo siku zake kwa karatasi na kalamu, itaiona bahari, na baba ataripoti kazini kwa wakati wake.