Mashine za Kazi: Hatari Ilipo na Namna ya Kuiepuka

Tangu reli ilipofika Thika mwaka 1913, nchi hii ya Thika na Ruiru imekuwa nchi ya mashine. Kwanza zilikuja mashine za mkonge na za kumenya kahawa. Baadaye vikajengwa viwanda vya nguo, vya ngozi, vya chuma na vya kutia mananasi mikebeni. Siku hizi mashine imetoka kiwandani ikaingia uani. Katika mtaa wa Landless, kando ya barabara iendayo Garissa, mtu mwenye ng'ombe wawili au watatu huenda akawa na mashine ya stima ya kukatia nepia, na jirani yake akawa na mashine ya posho. Kiwandani yuko fundi wa kuitazama mashine. Uani hayuko ye yote ila mtoto au kijana wa kazi.

Watu wengi hudhani ya kwamba mashine ni ya kuogopwa inapofanya kazi kwa kishindo. Kumbe mara nyingi mtu huumia wakati kazi imekatika: majani yamekwama, ukanda umetoka katika puli, au unga umeziba njia. Hapo ndipo mkono unapoingia mahali ambapo haukuwa na kazi ya kuingia.

Yafaa kufanya hesabu kidogo. Mota ya kawaida ya stima huzunguka kama mara 1,450 kwa dakika. Ikiwa puli ya mota ina upana wa inchi 4, na ile ya gurudumu la visu ina inchi 16, gurudumu litazunguka robo ya hesabu hiyo, yaani kama mara 360 kwa dakika, au mara 6 kwa sekunde. Likiwa na visu viwili, kisu hupita mdomoni mwa mashine mara 12 kila sekunde. Mtu aliyeguswa na kitu huchukua kama robo ya sekunde kabla mkono wake haujaanza kurudi nyuma, na katika muda huo visu vimekwisha kupita mara tatu. Kwa hiyo hakuna mtu awezaye kuushinda upesi wa mashine, hata akiwa hodari na mzoefu namna gani. Tena zile rola zinazovuta majani hazichagui; huvuta mkono wa shati, leso, na hata glavu. Glavu ni nzuri kwa mtu anayebeba mawe au vyuma, lakini karibu na kitu kizungukacho humtia mtu hatarini kuliko mkono mtupu.

Jambo jingine ni stima kupotea. Mashine husimama, na mwenye kazi huona nafasi njema ya kutoa majani yaliyokwama. Hakuizima, maana imekwisha simama yenyewe. Stima ikirudi, mashine huanza mara moja, na mkono wake umo ndani. Dawa yake si ghali. Swichi kubwa izimwe kwanza, kisha ifungwe kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa yule yule anayeingiza mkono, wala si mfukoni mwa nyapara. Wakiwa mafundi wawili, ziwe kufuli mbili. Swichi isiyoweza kufungwa kwa kufuli, ing'olewe fyuzi yake, na fundi akae nayo. Ziko pia swichi za kuwashia ambazo hujifungua stima inapokatika, na mashine haiwezi kuanza tena mpaka mtu abonyeze kwa mkono. Anunuaye mota na aulizie swichi ya namna hiyo. Hata baada ya kuzima, gurudumu zito huendelea kuzunguka kwa muda, basi lingojewe mpaka litulie kabisa. Majani yaliyokwama yatolewe kwa kijiti.

Kuhusu vifuniko vya ukanda, puli na visu, desturi mbaya imeenea. Fundi hukifungua kifuniko ili atie grisi, kisha hukiacha ukutani kwa sababu bolti mbili zimepotea. Mwezi huu ni bolti mbili, mwezi ujao kifuniko kimekuwa bakuli la kuku. Tena si haki kumlaumu mfanyakazi peke yake na kusema ni uzembe. Kibarua anayelipwa kwa kadiri ya magunia hatasimamisha mashine kwa hiari yake, ikiwa kila dakika ya kusimama inatoka katika posho yake. Mwenye mashine ndiye awezaye kubadili jambo hilo.

Mashine iliyotunzwa hukwama mara chache, na isipokwama hakuna sababu ya kutia mkono. Visu vinolewe kabla havijawa butu, na bolti zake zikazwe kila asubuhi, maana kisu kilichochomoka huruka mbali. Beringi ikipata joto hata mkono hauvumilii, inataka grisi au imekwisha. Waya wa ardhi usikatwe kamwe. Bila huo, stima ikivuja, chuma chote cha mashine huwa na uwezo wa kuua, hasa miguu ikiwa majini.

Sheria ya kwanza ya viwanda nchini Kenya ilianza kutumika mwaka 1951, nayo ilihusu viwanda hasa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 imekwenda mbali zaidi: yahusu kila mahali mtu afanyapo kazi, iwe ya kudumu au ya muda. Yamtaka mwenye kazi kuzifunika sehemu za hatari, na panapokuwa na wafanyakazi 20 au zaidi, iundwe kamati ya usalama. Mtu akifa kazini, afisa wa usalama wa eneo apewe habari katika saa 24. Aliyeumia na amwarifu mwajiri bila kukawia, kwa maandishi au kwa mdomo. Madai ya fidia, kwa sheria nyingine ya mwaka huo huo wa 2007, hupelekwa kabla ya kupita miezi 12 tangu siku ya ajali.