Pompa ya esansi, bidoni na cheche



Kila siku mashofere wetu wanafika kwenye pompa, wanajaza tangi, wanaenda. Wachache wanajiuliza ni nani anayetengeneza mashini ile. Ukurasa wa leo unawaelezeni habari za watu hao, kwa sababu wanatoa mashauri bure, na mashauri yenyewe yanatufaa nyumbani kama yanavyofaa kazini.

Pompa ya kwanza haikuwa ya motokari. Mwaka 1885, katika mji wa Fort Wayne huko Marekani, bwana Sylvanus Bowser alimwuzia mwenye duka mmoja pompa ya kupimia mafuta ya taa, yale tunayoita petroli. Inasimuliwa kwamba pipa la mafuta lilivuja dukani na kuharibu siagi. Motokari zilipoenea, pompa za namna hiyo zikatumiwa kwa esansi. Kazi yake ni ile ile tangu mwanzo: kupima, na kuzuia mafuta yasimwagike.

Mwaka 1951 wauzaji wa vyombo hivyo waliunda chama, ambacho sasa kinaitwa Petroleum Equipment Institute, mjini Tulsa. Watengenezaji na wasimikaji wa pompa wamo pia. Chama hicho kinatoa vitabu vya kanuni za kusimika matangi. Lakini kazi yake inayotuhusu sisi ni nyingine. Katika miaka ya 1990 na baadaye, kilikusanya habari za moto uliowaka watu wakijaza esansi, ingawa hakuna aliyevuta sigara wala mashini iliyoharibika. Zilipatikana habari zaidi ya 150. Karibu nusu yake zilifanana: mtu anatia mdomo wa pompa katika tangi, anauacha umimine peke yake, anarudi kuketi ndani ya gari, halafu anatoka na kuugusa tena. Hapo hapo moto unawaka.

Sababu yake ni umeme. Si ule wa waya, bali ule unaozaliwa nguo ikisuguana na kiti. Umekwisha kuvua sweta usiku, ukasikia inalia na kutoa vimulimuli? Ndio huo. Mwili unaubeba bila wewe kujua, na ukigusa chuma unaruka kama cheche. Mkono unasikia kama sindano tu, lakini mvuke wa esansi hauhitaji zaidi. Kwetu Katanga tujihadhari hasa kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, maana hewa kavu inazidisha umeme huo.

Wengi wanalaumu telefone ya mkononi. Katika habari zile chama hakikukuta hata moto mmoja uliohakikishwa kwamba ulitoka kwa telefone. Hata hivyo iache mfukoni: anayezungumza haangalii anachofanya.

Ndiyo, watengenezaji wanatafuta faida yao pia, kwa kuwa pompa ikiungua jina lao linaungua. Lakini shauri lao ni jema, tulishike. Ukianza kujaza, usirudi garini. Ukiwa umerudi, gusa kwanza chuma cha mlango, mbali na tundu la tangi, ndipo ushike pompa. Moto ukiwaka, usivute mdomo wa pompa kutoka tanki, maana utamwaga esansi inayowaka juu yako. Kimbia, na mwenye pompa afunge mashini.

Na pompa ikijifunga yenyewe, usilazimishe tone la mwisho. Karibu na ncha ya mdomo wake kuna kitundu kidogo kinachovuta hewa. Esansi ikipanda na kukiziba, mashini inakosa hewa na kukata. Maana yake tangi limejaa.

Sasa bidoni. Mwaka 1998 taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza usalama wa kazi, NIOSH, iliwaonya watu wasijaze bidoni ikiwa ndani ya gari, zaidi sana juu ya plastiki inayofunika sanduku la pikapu. Plastiki haipitishi umeme kwenda ardhini. Shusha bidoni, iweke chini kwenye udongo, gusisha mdomo wa pompa kwenye mdomo wa bidoni, mimina polepole, acha nafasi juu.

Ulinzi wote wa watengenezaji unakoma pale tiyo ya pompa inapokoma. Kadhafi anayeuzisha esansi barabarani kwa chupa hana kitundu cha kukata. Na lori likianguka hakuna kitu chochote cha kukulinda. Kumbukeni Sange, kule Kivu ya Kusini, tarehe 2 Julai 2010: lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota, moto ukawaka, wakafa zaidi ya 230. Wengine hawakuchota kitu. Walikuwa karibu wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Ukiona lori limepinduka, wachukue watoto na uende mbali, upande unakotoka upepo.

Mama, mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa. Hauendi juu kama moshi, unatambaa chini, unapita chini ya mlango mpaka kwenye mbabula. Kwa hiyo esansi isilale ndani ya nyumba hata usiku mmoja. Wala usiichanganye na petroli ya taa ili kuongeza kipimo: taa hiyo inaweza kulipuka mkononi mwa mtoto anayesoma.

Nina neno pia kwa wale wanaovuta esansi au mazutu kwa kinywa na kitiyo. Tone moja likiingia mapafuni linaunguza na kuleta ugonjwa mbaya wa mapafu. Nunueni kipompa cha mkono. Na wanaonawa esansi ili kutoa grisi, mjue kwamba ndani yake mna benzeni, inayoharibu damu, sabuni inatosha.

Mtoto akinywa mafuta kutoka chupa ya limonadi, usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta ya mawese ili atapike, maana akitapika mafuta yanaweza kupita njia ya hewa. Mvue nguo zilizolowa, mnawishe ngozi, mlete dispansari mara moja, hata kama anacheza, kwa sababu kikohozi na pumzi fupi vinaweza kuchelewa saa kadhaa. Na ulete chupa yenyewe, tujue kama ni esansi, mazutu au petroli.