Bunduki ya babu haikutoka Marekani

Nyumbani kwetu Muscat, juu ya mlango wa majlisi, inatundikwa bunduki ndefu karibu kimo changu. Tangu utotoni tunaambiwa ni ya Mmarekani, babu kaja nayo kutoka Unguja. Mwaka huu ami alipata mnunuzi, lakini kwa sharti: iwe kweli gobori la gumegume la Kimarekani lenye kitako cha kuchongwa, kama yale ya Pennsylvania. Baba hataki iuzwe. Ndugu wawili wakanuniana wiki mbili, nami nikatumwa Mutrah kwa mzee mmoja anayejua silaha za kale.

Hadithi yetu haikuwa ya kipuuzi. Mkataba wa Sayyid Said na Marekani wa mwaka 1833 unasema wazi kwamba Unguja bunduki, baruti na risasi ziuzwe kwa serikali tu. Bandari zake nyingine, ruksa. Hakuna anayewekea masharti kitu kisicholetwa. Na mwaka 1840 merikebu yake, Sultana, ilitia nanga New York.

Mzee hakutazama nakshi. Aliuliza, "Gumegume liko wapi, mwanangu?" Bunduki ya gumegume ina taya la chuma linalobana jiwe, jiwe likipiga bamba, cheche huangukia baruti. Yetu ina kijichuma chembamba chenye ncha iliyopasuka, cha kushikia utambi unaowaka. "Hii ni bu fatila," akasema. Fatila ndiyo utambi. Ni bunduki ya Waomani, walioendelea nayo muda mrefu baada ya Wazungu kuiacha. Ukitaka kuona mifano yake, nenda makumbusho ya Bait Al Zubair, Muscat ya zamani. Akanionyesha pete za fedha zinazofunga mtutu na kitako, akasema mtutu mzuri hudumu, kitako hubadilishwa, kwa hiyo viwili hivyo si lazima viwe rika moja. Akanigombeza kwa sababu mama huisugua kila sikukuu.

Kisha akachukua mdeki, akauteremsha ndani ya mtutu, akaweka alama kwa kidole, akautoa na kuulaza kwa nje. Ulikuwa umepungua kama shubiri kufika mwisho. Akanyamaza. Halafu: "Imeshindiliwa hii."

Miaka yote hiyo, watoto wakicheza chini yake!

Alibaki nayo siku tatu. (Wenye magobori ya wazee ukutani, msijaribu wenyewe, mpelekeeni fundi. Na msidhani uzee wa bunduki unaipa ruhusa ya kupanda ndege: ulizeni polisi kwanza.) Aliporudisha, alinipa mfuko mdogo: bonge la baruti nyeusi, kitambaa kilichooza na risasi ya duara.

Mnunuzi alijitoa. Ami hajasema neno, ila Ijumaa alikuja kula. Mama kaamuru bunduki ihamishiwe ukuta wa nyuma. Risasi anayo baba. Mgeni akija huitoa mfukoni kabla hata ya halua, na bado anaiita ya Mmarekani.