Vipindi na Mapumziko: Mazoezi ya Mkimbiaji Uwanjani na Lugha ya Kuyaeleza

Mwanafunzi wa Kiswahili anapofikia hatua ya kueleza jambo kwa utaratibu, sisi walimu humpa kazi ya kueleza namna ya kupika chakula au namna ya kufika sokoni. Kazi hizo ni nzuri, lakini makosa yake hayana gharama kubwa. Chumvi ikizidi, mlo mmoja tu umeharibika. Katika toleo hili tumechagua jambo ambalo maelezo yake yakikosewa, msikilizaji huweza kuumia: mazoezi ya vipindi ya mkimbiaji wa mbio ndefu uwanjani.

Tumeyachagua kwa kumfikiria kijana wa mtaa wa Asiatique, mjini Bujumbura. Mtaa huo ulikaliwa tangu enzi za ukoloni na wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu, na pamoja na jirani yake Buyenzi, unajulikana kwa Kiswahili chake. Kijana huyo husikia Kiswahili nyumbani, Kirundi kila mahali na Kifaransa shuleni. Mashairi na hadithi tunamfundisha kwa Kiswahili. Je, na mazoezi ya mwili anaweza kuelekezwa kwa lugha hiyo hiyo bila kupungukiwa? Jibu letu ni ndiyo, mradi mwelekezaji ajue anachokisema.

Mazoezi ya vipindi ni nini?

Maneno mawili tunayoyahitaji yamo tayari katika siku ya shule: kipindi na mapumziko. Kipindi kina mwanzo na mwisho, na baada yake huja mapumziko mafupi. Mkimbiaji naye hugawa kazi yake hivyo hivyo. Badala ya kukimbia mita 5,000 kwa mfululizo, hukimbia mita 400, ambazo ni mzunguko mmoja wa uwanja, kisha hupumzika kwa muda uliopimwa, kisha hukimbia tena.

Hapa ndipo mazoezi haya yanapotofautiana na mchakamchaka. Bujumbura ni mji uliozoea vikundi vya watu wanaokimbia pamoja asubuhi za mwisho wa wiki huku wakiimba. Mbio hizo hujenga pumzi na urafiki, lakini mwendo wake ni mmoja, tena wa mtu anayeweza kuimba. Katika kipindi cha uwanjani hakuna anayeweza kuimba. Kwa kugawa kazi, mkimbiaji hupata dakika nyingi katika kasi ambayo asingeimudu kwa mfululizo, na moyo na mapafu yake huzoea kuufikishia mwili hewa ya oksijeni kwa wingi.

Pumziko nalo ni kazi

Wengi hudhani kwamba pumziko ni muda uliopotea. Katika miaka ya 1930, kocha Woldemar Gerschler na daktari Herbert Reindell wa Freiburg, Ujerumani, walifundisha kinyume cha hayo. Kwao, mbio ilipaswa kuufikisha moyo kwenye mapigo 180 hivi kwa dakika, kisha mkimbiaji angoje mapigo yashuke hadi 120. Yasiposhuka katika sekunde 90, mbio ilikuwa kali mno kwake. Mwanafunzi wa Gerschler, Rudolf Harbig, aliweka rekodi ya dunia ya mita 800 mwaka 1939 kwa dakika 1 na sekunde 46.6. Baadaye Emil Zátopek wa Chekoslovakia, aliyesifika kwa kurudia mita 400 mara nyingi sana mazoezini, alishinda mita 5,000, mita 10,000 na marathoni katika Olimpiki moja, ile ya Helsinki ya mwaka 1952.

Wataalamu wa leo hawaafiki kila sehemu ya nadharia ya Freiburg, na mapigo ya moyo hutofautiana baina ya mtu na mtu. Hata hivyo kanuni moja imebaki: urefu wa pumziko hubadilisha zoezi zima. Mita 400 mara 8 kwa pumziko la dakika 1 si zoezi lile lile kwa pumziko la dakika 4, hata kama kasi haikubadilika.

Asiye na chombo cha kupimia mapigo ana vidole. Aviweke shingoni pembeni mwa koo na ahesabu kwa sekunde 10. Mapigo 30 ni sawa na 180 kwa dakika. Mapigo 20 ni sawa na 120.

Hesabu ya kasi

Mita 5,000 ni mizunguko 12 na nusu. Tumchukue mwanafunzi anayemaliza umbali huo kwa dakika 20, yaani sekunde 1,200. Tukigawa kwa 12.5 tunapata sekunde 96 kwa mzunguko. Hiyo ndiyo kasi yake ya kuanzia. Akimbie mita 400 mara 8, kila mara kwa sekunde 96, na baina ya mara moja na nyingine atembee au akimbie polepole kwa sekunde 90. Kazi yenyewe ni dakika 12 na sekunde 48. Mapumziko ni 7, wala si 8, nayo ni dakika 10 na nusu. Zoezi zima halifiki dakika 24.

Kabla ya hapo atangulize mchakamchaka wa dakika 15, anyooshe viungo na kukimbia mbio fupi 3 au 4 za kuamsha miguu. Baada ya hapo amalizie na dakika 10 za polepole. Akae njia ya ndani, kwa sababu njia ya 8 ya uwanja wa kawaida ni takriban mita 453 kwa mzunguko. Asiye na uwanja apime mita 400 za barabara tambarare isiyo na magari.

Hatari kubwa iko katika kipindi cha kwanza. Miguu ni mipya, na kijana hukimbia kwa sekunde 85 ili aonekane. Kufikia kipindi cha sita anatumia sekunde 105, na alichojifunza ni kuchoka tu. Zoezi lililofaulu ni lile ambalo kipindi cha mwisho kinalingana na cha kwanza. Wiki zinavyopita, aongeze kwanza idadi, kutoka 8 hadi 10 na 12, kisha apunguze pumziko, na kasi ije mwisho. Mara moja kwa wiki yatosha kwa anayeanza, na siku inayofuata iwe nyepesi.

Bujumbura iko kando ya Ziwa Tanganyika, chini ya mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari, wakati Iten ya Kenya iko karibu mita 2,400. Hewa ya Bujumbura ni nzito zaidi kwa pumzi, lakini joto lake ni adui. Zoezi lifanywe alfajiri. Anayeona kizunguzungu, kichefuchefu au baridi juani aache mara moja, aende kivulini na apewe maji.

Mifano ya Burundi

Hesabu hii hutusaidia kuona ukubwa wa waliotutangulia. Tarehe 3 Agosti 1996, mjini Atlanta, Vénuste Niyongabo aliipatia Burundi medali yake ya kwanza ya Olimpiki, nayo ikawa ya dhahabu, katika mita 5,000. Alitumia dakika 13 na sekunde 7.96, yaani sekunde 63 kwa kila mzunguko. Umbali wake hasa ulikuwa mita 1,500, lakini nafasi hiyo alimwachia mwenzake Dieudonné Kwizera. Francine Niyonsaba, aliyepata medali ya fedha ya mita 800 mjini Rio mwaka 2016, alihamia mbio ndefu zaidi, na mwaka 2021 mjini Zagreb aliweka rekodi ya dunia ya mita 2,000 kwa dakika 5 na sekunde 21.56. Huo ni wastani wa sekunde 64 na kitu kwa mzunguko, na rekodi hiyo ilidumu hadi mwaka 2024.

Lugha ya maelekezo

Sasa turudi darasani. Elekezo kamili la zoezi hili hujibu maswali manne: umbali gani, mara ngapi, kwa kasi gani, na pumziko gani. Anayesema “kimbieni mara nane” amejibu moja tu.

Swali la nne ndilo gumu. “Pumzika” ni kuketi, kutembea au kukimbia polepole? Ni lazima tuseme. Tena kuna tofauti kati ya “pumzika dakika 3” na “anza kila baada ya dakika 3”. Katika elekezo la pili, muda wa kukimbia umo ndani ya zile dakika 3. Anayetumia sekunde 96 hubakiwa na sekunde 84 tu za kupumzika. Wanafunzi wawili wakilielewa tofauti, mmoja atapumzika zaidi ya mara mbili ya mwenzake, na kocha atadhani kwamba huyu ni hodari na yule ni mvivu.

Vivyo hivyo, “pumzika hadi mapigo yafike 120” humfanya mkimbiaji aangalie mwili wake, na “pumzika sekunde 90” humfanya aangalie saa. Yote mawili ni Kiswahili sahihi, lakini si elekezo moja.

Tunawapendekezea walimu zoezi hili: kila mwanafunzi aandike elekezo la sentensi tatu, kisha mwenzake alisome na ajibu yale maswali manne bila kumuuliza mwandishi. Likibaki swali moja bila jibu, sentensi iandikwe upya kabla ya mtu yeyote kuanza kukimbia.