Je, Wajua? Nyumba ya Magurudumu Inapopanda Feri

Kericho na Bomet ni nchi ya vilima, lakini maji hayako mbali. Ziwa Victoria liko chini ya mteremko, na chai ya huku huuzwa katika mnada wa Mombasa, ulioanzia Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Pwani mwaka 1969. Mtalii anayepita kati ya mashamba ya chai na gari lenye kitanda na jiko ndani, huku akivuta gari dogo nyuma, anaweza kujikuta kwenye foleni ya feri upande wowote atakaoshukia. Haya ni mambo ya kujua kabla hajafika majini.

Je, wajua kwamba kwenye feri nyingi unalipia urefu? Sitaha ina nafasi yake, na nafasi hiyo hupimwa kwa mita. Gari-nyumba la mita 7 linalovuta gari la mita 4 huhesabiwa pamoja, na chuma cha kuvutia kilicho katikati nacho kimo hesabuni. Baiskeli zilizofungwa nyuma hazisameheki. Kwenye feri ya Likoni, Mombasa, mtembea kwa miguu huvuka bure, ila gari hulipa kulingana na aina na ukubwa wake.

Je, wajua kwamba gari lililovutwa magurudumu yote manne yakiwa chini halirudi nyuma? Ukijaribu kurudi, magurudumu yake ya mbele hujigeukia yanakotaka na chuma kinaweza kupinda. Dereva wa trekta la majani ya chai ana nafuu: trela ya ekseli moja hutii, mradi azungushe usukani kinyume cha anakotaka trela iende. Feri za Likoni zina milango pande zote mbili, kwa hiyo unaingia kwa mbele na kutoka kwa mbele. Pale ambapo magari huingizwa kinyumenyume, fungua gari dogo na utafute dereva wa pili.

Je, wajua kwamba trela ina namba yake ya usajili? Nchini Kenya namba za trela huanza na herufi Z. Ndiyo maana lori refu linalopita Kapsoit huwa na namba moja mbele na nyingine tofauti kabisa nyuma.

Je, wajua kwamba saa ya kuvuka Likoni hubadilisha mwinuko wa njia? Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa Mombasa hupita mita 3. Maji yakipwa, mteremko wa kuingilia feri huwa mkali na unateleza. Gari refu lenye mkia uliochomoza nyuma ya magurudumu linaweza kukwaruza sakafu. Mwenye gari-nyumba hutazama jedwali la maji kabla ya kutazama saa.

Je, wajua kwamba mvua ya Bomet hufika chini ya feri? Ziwani hakuna kujaa na kupwa kwa kuonekana, ila kina hubadilika kwa misimu. Mto Kipsonoi hupeleka maji ya vilima vya chai kwenye Mto Sondu, ambao huishia Ghuba ya Winam. Mto Nyangores hupeleka mengine kwenye Mto Mara, na Mara humwaga ziwani upande wa Tanzania. Mwaka 2020 ziwa lilifura hata gati kadhaa zikafunikwa na maji.

Je, wajua kwamba kuna njia ya mkato kutoka Bomet hadi Bondo? Pita Sotik, Kisii na Homa Bay hadi Mbita, panda feri uvuke hadi Luanda Kotieno, kisha ushike barabara ya Ndori. Feri hiyo hubeba magari na kukuepusha na safari ya kuzunguka ghuba nzima kupitia Kisumu.

Je, wajua kwamba ziwani hata behewa hupanda meli? Mwaka 1850, huko Scotland, meli iitwayo Leviathan ilianza kuvusha mabehewa yakiwa yamesimama juu ya reli zake. Kisumu ilipata meli ya namna hiyo miaka ya 1960: MV Uhuru. Reli inayoilisha hushuka kutoka zaidi ya mita 2,500 karibu na Mau Summit, ikipita Londiani, Kipkelion na Fort Ternan katika Kaunti ya Kericho, hadi ziwa lililo kwenye mita 1,134. Meli hiyo ilisimama mwaka 2007, ikarudi kazini mwaka 2019.

Je, wajua kwamba kabla ya hapo meli yenyewe ndiyo iliyosafirishwa nchi kavu? SS William Mackinnon iliundwa Scotland, ikafunguliwa vipande vipande na kuletwa Mombasa. Vipande vingi vilibebwa na wapagazi kwa miguu. Iliteremshwa majini Kisumu mwaka 1900, mwaka mmoja kabla ya reli kufika.

Je, wajua kwamba breki ya mkono ni sheria ya kwanza ya feri? Tarehe 29 Septemba 2019, gari dogo lilirudi nyuma na kutumbukia kutoka MV Harambee pale Likoni. Mama na binti yake wakafa maji, na gari likatolewa siku 12 baadaye. Kwa hiyo vuta breki ya mkono, weka gia, na uwe na kabari za magurudumu. Gari-nyumba lina masharti zaidi: funga mtungi wa gesi kwenye valvu yake, na upunguze maji ya tangi, kwa kuwa kila lita 100 ni kilo 100 zinazoyumba.

Je, wajua kwamba chai ya Kericho inayosafirishwa ng'ambo haina haja ya feri ya Likoni? Bandari ya Kilindini iko upande wa huku wa mlango wa bahari wa Likoni, nayo malori huifikia kwa barabara. Anayehitaji kuvuka ni mgeni wa Diani, na hata yeye sasa ana chaguo: barabara ya Dongo Kundu inatoka Miritini hadi Kibundani, ikipita Daraja la Mteza lenye urefu wa zaidi ya kilomita 1. Mwenye gari refu na mkia wa kuburuta ndiye aliyefaidika zaidi, kwa sababu darajani hakuna anayempima mita.