Maji kwenye mapafu: uliza yameletwa na nini

Huku Pwani, mtu akishika ubavu na kusema akivuta pumzi anachomwa, jibu huwa tayari: kichomi. Iwe Maili Moja, Kibaha, au Maneromango, Kisarawe, atakandwa, atanunuliwa vidonge duka la dawa, na wiki mbili zitapita. Wakati mwingine maumivu hupungua yenyewe. Nyumbani mnashukuru, kumbe maji yameongezeka na kutenganisha tando mbili zilizokuwa zikisuguana. Kinachofuata ni mgonjwa kuhema hata akitoka chooni tu.

Tunasema "maji kwenye mapafu", ingawa hayako ndani ya pafu. Yamejaa kati ya utando unaolifunika pafu na ule wa ukuta wa kifua, mahali ambapo kwa kawaida pana majimaji machache ya kulainisha. Nayo si ugonjwa, ni ishara. Hapa kwetu mtuhumiwa wa kwanza ni kifua kikuu, hasa kwa anayekonda na kutoka jasho usiku, au anayeishi na VVU. Nimonia nayo huacha maji, hata usaha. Moyo ukishindwa kazi, miguu huvimba pia. Figo, ini na saratani vimo kwenye orodha.

Daktari hugonga mgongo kwa vidole. Penye maji sauti huwa butu kama ya ukuta. Eksirei huyaonyesha, altrasaundi huona hata yaliyo kidogo. Lakini picha mara nyingi haitaji chanzo. Ndiyo maana mgonjwa huketi akiinamia meza, akapigwa ganzi na kuchomwa sindano kati ya mbavu, maji yakapelekwa maabara. Protini ikiwa nyingi, anashukiwa zaidi kifua kikuu, nimonia au saratani. Ikiwa kidogo, moyo, ini au figo.

Hapa ndipo baadhi ya ndugu hugoma, wakiamini kuwa anayetolewa maji hamalizi wiki. Sindano ina hatari zake, kama hewa kuingia kifuani, lakini si jambo la mara kwa mara. Wanaofariki baadaye mara nyingi huuawa na ugonjwa ulioyaleta maji, waliofika nao hospitali umeshakomaa.

Makohozi yakionekana safi, msishangilie mapema. Kifua kikuu cha utando kina vijidudu vichache, na daktari anaweza kuanzisha dawa kwa kutazama dalili na vipimo vyote kwa pamoja. Dawa hizo ni bure, kwa kawaida miezi 6. Wapelekeni na watoto wa nyumba hiyo wakachunguzwe, hasa walio chini ya miaka 5.

Zahanati ya kijijini kwa kawaida haina eksirei, kwa hiyo ombeni rufaa. Asiyeweza kumaliza sentensi bila kuhema, au kulala chali, asisubiri kesho: apelekwe hospitali ya wilaya Kisarawe, au Tumbi kwa walio Kibaha.